SERIKALI MBILI, MTOTO MMOJA

Ndugu wafanya kazi,

Kuna swali ambalo wakubwa hawapendi tuwaulize, nami nataka tuwaulize bila kuogopa. Mtoto wa mfanya kazi akiitwa chuo kikuu, ni serikali gani yenye wajibu wa kumsomesha? Ya Nairobi, au ya kaunti? Ukiuliza Nairobi, waambiwa upeleke fomu kaunti. Ukienda kaunti, waambiwa vyuo vikuu ni kazi ya Nairobi. Kila mmoja anawa mikono kama Pilato, na siku ya kufungua chuo haimngoji mtu.

Lakini sheria haikuficha neno. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imegawa kazi. Serikali ya taifa imepewa vyuo vikuu na vyuo vingine vya elimu ya juu, pamoja na shule za msingi na za upili. Kaunti zimepewa elimu ya watoto wadogo na vyuo vya ufundi vya vijijini. Sisi wa reli twayaelewa mambo ya namna hii. Dereva ana kazi yake na gadi ana yake, na zote zimeandikwa. Gari likianguka, hakuna anayekubaliwa kusema alidhani mwenzake ndiye aliyeangalia breki.

Tazameni sasa mambo yanavyokwenda. Mzazi huanza na mkopo wa HELB, bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Mkopo hautoshi. Aenda kwa Mbunge kuomba basari, yaani msaada wa karo. Aenda ofisi ya wadi kuomba basari nyingine. Kila mlango una fomu yake, muhuri wake, na siku yake ya kufunga. Mtu wa zamu ya usiku atazunguka huko lini, na atalala lini? Na mwisho apata shilingi elfu chache, tena apewa mbele ya watu, kiongozi akipigwa picha na hundi kubwa kama mlango. Apigiwe makofi kwa fedha za nani? Hiyo ni kodi tuliyokatwa kabla ya kuushika mshahara.

Mwaka 2023 Serikali ya taifa ilileta mpango mpya. Wanafunzi wakatiwa katika mafungu kwa kupimwa umaskini wa nyumba zao: sehemu ya karo ni msaada, sehemu ni mkopo, sehemu ni ya mzazi. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mpango huo wapingana na Katiba, na Serikali ikakata rufani. Kabla vumbi halijatua, Januari 2025, Msimamizi wa Bajeti akaziandikia kaunti kwamba zisilipe basari kwa kazi isiyo yao pasipo mapatano ya maandishi na Serikali ya taifa. Magavana wakaenda mahakamani. Wanasheria wakasemezana, watoto wakakaa wakingoja. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Najua wengine watasema: "Ndugu, kosa liko wapi kaunti ikisaidia? Fedha ni fedha." Kosa ni hili: serikali ikijua kuna nyingine ya kuombwa, hupunguza yake.

Tazameni Marekani, ambako kuna serikali ya shirikisho na serikali za majimbo. Mwaka 1862 shirikisho liliyapa majimbo ardhi, ekari 30,000 kwa kila mjumbe wao wa Bunge, yapate kujenga vyuo vya kilimo na ufundi. (Ardhi yenyewe ilikuwa imenyang'anywa wenyeji, jambo tusilopaswa sisi kufundishwa.) Mwaka 1944 likaanza kuwalipia karo askari waliotoka vitani, na zaidi ya milioni 2 wakaingia vyuoni. Mwaka 1972 likaweka msaada usiolipwa kwa wanafunzi maskini. Majimbo nayo yakabeba sehemu kubwa ya gharama za vyuo vya umma. Hapo mtoto wa mtu wa kiwandani aliweza kusoma.

Kisha uchumi ukaanguka mwaka 2008. Majimbo mengi yakakata fedha za vyuo, nani wa kuyazuia? Vyuo vikapandisha karo. Ule msaada wa maskini, ambao katika miaka ya 1970 ulilipa zaidi ya nusu ya gharama ya chuo cha umma, siku hizi haufiki nusu. Pengo likazibwa kwa mikopo ya shirikisho. Leo watu zaidi ya milioni 40 wanadaiwa, na deni limepita dola trilioni 1.6. Serikali mbili zilibeba gogo moja pasipo mapatano ya kuzibana. Moja ilipolegeza bega, gogo lilimwangukia mwanafunzi.

Ndugu, hatutaki kufuata njia hiyo. Twataka mambo matatu.

Kwanza, Serikali ya taifa ilipe vyuo vikuu kwa ukamilifu, kwa maana ndiyo iliyopewa kazi hiyo.

Pili, kaunti ikitaka kusaidia wa chuo kikuu, ifanye mapatano. Kifungu cha 187 cha Katiba chaziruhusu serikali kukabidhiana kazi, na fedha za kazi hiyo zifuate. Basari zote ziingie mfuko mmoja, mlango mmoja, fomu moja, bila picha ya mtu.

Tatu, kaunti zitengeneze kwanza vyuo vya ufundi vya vijijini. Gavana ataringaje na hundi ya chuo kikuu, na katika chuo chake vijana wanane wagombea cherehani moja?

Mwaka 1959 Tom Mboya, Katibu Mkuu wa shirikisho letu la wafanya kazi wakati ule, alipowapeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege, ilibidi kukusanya michango kwa sababu wakoloni hawakuitaka safari ile. Ilikuwa michango ya watu wasiokuwa na serikali yao. Leo tunazo serikali 48, ya taifa moja na za kaunti 47, na bado twatembea na kadi za mchango karakanani!

Kila tawi lilete neno hili katika mkutano, liandikwe, lipelekwe kwa Mbunge na kwa Gavana pia, kila mmoja apate nakala yenye jina la mwenzake. Hapo hakuna atakayesema hakujua.

Umoja ni nguvu.

Mimi ndugu yenu,
Mfanya kazi wa Reli