Kabla ya kununua redio ya gari yenye skrini kubwa, nunua spika

Marafiki wakijua kwamba kazi yangu ni kuandika programu, hawakosi kuniuliza: "Ninunue redio ya Android ya inchi 9 au ya inchi 10?" Jibu langu huwaudhi. Nawaambia kama shida yako ni sauti, usinunue yoyote kwanza. Nunua spika.

Najua kwa nini watu wanataka kubadilisha redio. Magari mengi tunayoendesha hapa Kenya yalianza maisha Japani, na FM ya huko ilikuwa ikiishia 90 MHz (siku hizi 95), ikianzia 76. Stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana unanunua gari safi kabisa halafu Capital FM, 98.4 hapa Nairobi, haishiki. Fundi anakufungia ekspanda, kile kijidude cha kwenye waya wa antena kinachoshusha masafa. Kinasaidia, lakini hesabu inagoma: upana wa megahezi 20 hauwezi kuingia kwenye 14. Lazima kuna stesheni utakazozikosa. Juu ya hayo maandishi yote ni ya Kijapani, na ukichomoa betri redio nyingine hudai nambari ya siri au kadi ya ramani iliyobaki huko ilikotoka.

Kwa hiyo kubadilisha redio ni haki yako. Ninachokataa ni ile imani kwamba redio mpya ndiyo inayoleta sauti nzuri.

Wati za kwenye boksi

Boksi limeandikwa "4 x 60W". Haya, tupige hesabu ya shuleni. Injini ikiwa inanguruma, umeme wa gari huwa kama volti 14.4. Spika ya kawaida ina ukinzani wa omu 4. Amplifaya ndogo iliyo ndani ya redio kwa kawaida haipandishi volti hizo, kwa hiyo nguvu ya juu kabisa ya sauti safi ni 14.4 mara 14.4, gawanya kwa 8. Hiyo ni karibu wati 26 kwa kila spika, na ukitoa zinazopotea njiani unabaki na kama 20.

Huamini? Geuza redio utazame fyuzi ya nyuma. Ikiwa ni ya ampea 10, zidisha kwa 14.4 upate wati 144 kwa redio nzima, pamoja na skrini na taa zake. Sasa hizo wati 240 za kwenye boksi zinatoka wapi? Namba ya kutafuta ni ile yenye neno RMS pembeni. Isipokuwepo, muuzaji anakuuzia namba tu.

Maana yake ni kwamba redio ya zamani na hiyo mpya zinasukuma spika kwa nguvu inayokaribiana sana.

Sauti inatoka mlangoni

Vua kava la mlango wa gari la kawaida uone kilichomo: spika ya karatasi yenye sumaku ndogo, imefungwa kwenye bati jembamba lenye matundu. Tatizo liko hapo. Spika ikisukuma hewa mbele, inavuta hewa nyuma. Hewa hizo mbili zikikutana kupitia matundu ya mlango, zinauana, na besi ndiyo inayokufa kwanza. Ziba matundu, bandika shiti za mpira wa kuzuia mtetemo kwenye bati, utashangaa besi ilikuwa imejificha wapi.

Ukinunua spika, usiangalie wati peke yake. Angalia unyeti, ule unaoandikwa kwa desibeli. Spika ya 91 itatoa sauti ileile ya spika ya 88 kwa kutumia nusu ya nguvu. Kwa redio isiyo na amplifaya ya nje, tofauti hiyo ni kubwa.

Na kabla hujatoa hata shilingi moja, fanya jaribio hili. Cheza wimbo wenye besi, kisha sogeza sauti yote upande wa kushoto. Besi ikiongezeka badala ya kupungua, kuna uwezekano mkubwa spika moja imeungwa waya kinyume, chanya kwenye hasi. Kugeuza waya mbili ni kazi ya dakika chache.

Sasa hizo Android

Hapa ndipo kazi yangu inanipa wasiwasi. Nimefungulia watu kadhaa redio za bei nafuu, zisizo na jina la kueleweka. Mipangilio inasema Android 13. Ukiuliza mfumo wenyewe kwa programu ya kukagua kifaa, unapata kiwango cha API 29, yaani Android 10. Ukurasa wa "Kuhusu kifaa" ni maandishi tu, na anayetengeneza mfumo anaandika apendalo. Hata kumbukumbu huongezwa kwa njia hiyo hiyo.

Kudanganywa toleo ni jambo dogo. Juni 2025, FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vilivyoambukizwa programu hasidi, vingine kabla hata ya kununuliwa. Kwenye orodha, pamoja na vidude vya televisheni, kulikuwa na redio za skrini zinazofungwa kwenye magari baadaye. Halafu sisi tunaingiza humo akaunti ya Google yenye barua pepe na picha za watoto, tena kwa intaneti ya simu hiyo hiyo yenye M-Pesa.

Ukitaka ramani kwenye skrini, chukua redio ya kampuni inayojulikana yenye Android Auto au CarPlay. Programu zinaendeshwa na simu yako, ambayo hupata masasisho, na redio inabaki kioo cha kuonyeshea tu.

Ningetumia pesa kwa mpangilio huu

1. Jaribio la waya. Ni bure.
2. Spika mbili nzuri za milango ya mbele. Za nyuma zinaweza kusubiri.
3. Kuziba na kutuliza milango hiyo.
4. Redio ya kawaida ya kampuni inayojulikana, inayofika 108.
5. Amplifaya, ikiwa bado una kiu.

Na kwa fundi, sharti moja: asikate waya za gari. Kuna soketi za kuunganishia za karibu kila aina ya gari, na bei yake ni ndogo. Waya zilizosokotwa kwa vidole na kufungwa selotepu nyuma ya dashibodi ndizo huleta mvumo unaopanda na injini, na siku mbaya huleta moshi. Akikwambia soketi si lazima, mshukuru, washa gari, nenda kwa fundi mwingine.

Skrini kubwa huonwa na abiria wako siku ya kwanza. Spika nzuri utazisikia wewe kila siku, hata ukiwa umekwama Thika Road jioni. Kazi kwako.