Waridi Mbele ya Nyumba, na Debe la Maji



Mwezi huu twapenda kuongea nanyi habari za waridi, ua ambalo kila nyumba hulitamani, lakini nyumba chache hulitunza mwaka hata mwaka. Sababu yake si kwamba mwaridi ni mti wa matajiri. Sababu ni kwamba wengi wetu, tukitaka kupanda, twatazama kwanza bustani ya mtu mwingine, wala hatutazami nyumba yetu wenyewe. Sisi tunaoandika haya tulianguka katika kosa hilo hilo, na kwa hiyo twaanza na habari yake, kwani mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Miaka iliyopita tulikuwa na nyumba ndogo ya matofali mabichi katika nchi kavu. Ikatufikia picha ya bustani ya L'Haÿ, iliyo kusini ya mji wa Paris katika Ufaransa, iliyotengenezwa mwaka wa 1899 kwa ajili ya bwana mmoja, Jules Gravereaux. Vitanda vyake vimenyoshwa sawasawa, na juu ya njia zake yamesimama matao yaliyofunikwa na maua. Tukavutwa sana. Tukachimba vitanda vinne mbele ya mlango, tukapanda miwaridi 40, tukangoja sifa za majirani. Wakati wa masika yote ilistawi, na sifa tulizipata.

Kiangazi kilipoingia, tulipiga hesabu ambayo ilitupasa kuipiga kabla ya kushika jembe. Mwaridi mmoja, jua likiwa kali, wataka kadiri ya debe moja la maji kwa juma, yaani lita 18. Basi miwaridi 40 yataka lita 720 kila juma. Kisima chetu kilikuwa mbali, na walioyateka maji walikuwa mama wa nyumba na watoto. Jioni moja binti yetu alitua debe lake karibu na kitanda, akafuta jasho, akauliza, "Baba, haya ni ya kunywa au ni ya maua?" Aliuliza kwa adabu, maana alitaka tu kujua ayamimine wapi. Lakini sisi tulitahayari, tukakosa neno. Tangu siku ile tulibakiza miwaridi minne tu, ile iliyokuwa karibu na jiko, nayo ilitupa maua miaka yote tuliyokaa pale.

Kwa hiyo twashika kanuni hii: bustani ya waridi haipimwi kwa picha, hupimwa kwa debe. Mwenye nyumba na ahesabu kwanza maji yanayobaki baada ya kunywa, kupika na kufua, na ajue ni nani atakayeyachukua. Kisha atazame jua. Mwaridi wataka jua la saa sita kwa siku au zaidi, na jua la asubuhi ni bora, kwa maana hukausha umande upesi. Majani yakikaa na unyevu hushikwa na madoa meusi, kisha hupukutika.

Wala kanuni hii si yetu peke yetu. Watu wa pwani wayajua marashi tangu zamani, na mahali pamoja panapotoka marashi ni Jabal Akhdar katika Oman. Huko juu milimani watu hulima miwaridi katika matuta yaliyojengwa kwa mawe. Nchi ni kavu, na maji huja kwa mifereji iitwayo aflaji, ambayo wenye mashamba hugawana kwa zamu zilizopimwa. Mwenye zamu fupi hawezi kulima sawa na mwenye zamu ndefu. Ifikapo Aprili maua huchumwa mapema asubuhi, hupikwa, na mvuke wake ukipoa ndio marashi. Watu wale hawakuanza kwa kuuliza, Twapenda miwaridi mingapi? Waliuliza, Maji yatosha mingapi?

Sasa na tuzitazame nyumba zetu namna kwa namna.

Kwanza, nyumba ya udongo au ya matofali mabichi. Hapa mwaridi usipandwe kando ya ukuta, maana maji tunayoumwagilia hulainisha msingi, na matone ya paa huupiga wakati wa mvua. Pimeni hatua mbili tangu mchirizi, ndipo mchimbe. Miwaridi mitatu au minne yatosha, nusu upande huu wa njia na nusu upande wa pili, nayo ikae mbali na njia kwa hatua moja, ili miiba isishike nguo za watoto. Nyumba ikiwa ya makuti au nyasi, msiuache mwaridi utambae juu ya paa, kwani huzuia paa kukauka baada ya mvua. Wenye kupenda mwaridi utambaao na wausimikie nguzo mbili na mti wa kukingama mlangoni mwa ua.

Pili, nyumba ya mabati yenye baraza, kama zile tuzionazo Lushoto, Limuru, na katika miteremko ya Kilimanjaro. Nchi hizi za baridi zaupendeza sana mwaridi, na mwenye nyumba ya namna hii ana mali asiyoijua, yaani maji ya paa. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya meta moja ya mraba huleta lita moja. Basi paa la meta za mraba 40, likipata mvua ya milimita 10, laweza kuleta lita 400, ijapokuwa kiasi kidogo hupotea. Hayo ni madebe zaidi ya 20, na hakuna kichwa kilichoyabeba. Wekeni pipa au tangi penye kona, mlifunike mbu wasizaane. Karibu na nguzo ya baraza pandeni mwaridi mmoja utambaao. Matawi yake marefu msiyaache yapande juu moja kwa moja, maana yatatoa maua nchani tu. Yalazeni, myafunge kwa kamba laini, na kila kifundo kitachipuka na kutoa maua.

Tatu, nyumba ya mawe ya pwani, kama zile za Lamu na Unguja. Kuta zake ni ndefu, na ua wake wa ndani hupata jua kwa muda mfupi. Tena udongo wake umechanganyika na chokaa na mawe ya matumbawe, na mwaridi haupendi chokaa nyingi. Mkiona majani yamekuwa manjano ilhali mishipa yake ingali kijani, jueni kwamba chokaa ndiyo inayouzuia mti kupata chakula chake. Basi pandeni katika vyungu, mtie udongo mwekundu wa shamba na samadi ya zamani. Kabla ya kuweka chungu, kaeni siku moja mtazame jua linapita wapi, na chungu kikae hapo, au kipandishwe darini. Kwa joto la pwani, miwaridi yenye asili ya Uchina huvumilia kuliko ile ya nchi za baridi. Na kama ua wenu hauna jua kabisa, msijisumbue, jirani mwenye jua atawapa ua moja, nanyi mtampa kitu chenu.

Nne, nyumba ya mwalimu shuleni. Hapa tuna neno kwa ndugu zetu waalimu. Ni rahisi kuwatuma wanafunzi maji, na bustani ya mwalimu ikapendeza kwa migongo ya watoto wa watu. Twaomba isiwe hivyo. Miwaridi ya mwalimu na iwe kadiri ya maji ambayo yeye na nyumba yake waweza kuyabeba. Kama shule yataka kitanda cha maua, kiwekwe karibu na mahali wanaponawia mikono, na mfereji mdogo uyapeleke maji yale mpaka shinani, mradi yasiwe na sabuni nyingi. Na mahali wachezapo watoto pafaa mwaridi wenye miiba michache. Upo mweupe uitwao Iceberg, uliotolewa na watu wa nyumba ya Kordes katika Ujerumani mwaka wa 1958, ambao huchanua mara nyingi na miiba yake si mingi.

Tano, nyumba ya ghorofa mjini. Mwenye roshani moja tu asikate tamaa, vyungu viwili vya miwaridi midogo vyamtosha. Kila chungu kiwe na kina cha futi moja au zaidi, na matundu chini, kwa maana mizizi ikikaa ndani ya maji huoza. Akumbuke pia kwamba udongo uliolowa ni mzigo. Chungu cha lita 40 huweza kufika kilo 50 na zaidi, basi kisiwekwe ukingoni, kikimwangukia mpita njia ni msiba.

Sita, nyumba yenye kiwanja kikubwa na bomba la maji. Hata hapa kuna kiasi. Kitanda kisizidi upana wa futi nne, ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga udongo. Tena kiwekwe pale mnapokaa jioni, si pale wapitao njiani wanapotazama. Waridi za rangi moja zikikaa pamoja huonekana nyingi, zikichanganywa rangi kumi huonekana kama nguo zilizoanikwa.

Labda mtu atasema, Mbona waridi za dukani zina vikonyo virefu namna ile? Nyingi za hizo hutoka mashamba makubwa, kama yale ya Naivasha katika Kenya, ambako hulimwa ndani ya nyumba za nailoni, na maji hudondoshwa kwa mipira shinani mwa kila mti. Hiyo ni kazi ya biashara, nasi tusiipime minne yetu kwa kipimo hicho.

Basi, namna ya kupanda ni hii. Chimbeni shimo la futi moja na nusu, kwenda chini na kwenda upana, mchanganye udongo na samadi iliyooza, maana samadi mbichi huunguza mizizi. Mti na mti uachane futi mbili hata mbili na nusu, na mwaridi utambaao upewe futi saba au zaidi. Tandazeni nyasi kavu juu ya udongo ili unyevu usipotee, lakini zisiguse shina. Mwagilieni shinani asubuhi, wala si juu ya majani. Kumwagilia sana mara mbili kwa juma ni bora kuliko kunyunyiza kila siku, kwa sababu maji yashukapo chini huivuta mizizi nayo ishuke.

Wala hapana haja ya kununua miti mingi. Wakati wa mvua ombeni tawi kwa jirani, lililo nene kama kalamu ya risasi, urefu wa inchi nane. Ondoeni majani ya chini, mlichomeke hata nusu yake katika udongo wenye mchanga mahali penye kivuli, na kwa majuma sita hata manane aghalabu hupata mizizi. Mwalimu akihamishwa asiing'oe bustani, akate matawi machache, ayafunge katika magome mabichi ya mgomba, aende nayo. Atakayekuja baada yake ataikuta miti, naye mwenyewe hatafika mikono mitupu.

Binti yetu yule sasa ana nyumba yake mjini, katika ghorofa ya pili, na vyungu viwili rohsani mwake. Tulipomtembelea alitupa kwanza maji ya kunywa. Kisha akaosha mchele, akalichukua lile bakuli la maji meupe, akayamimina vyunguni, nusu huku na nusu huku. Kulikuwa na waridi tatu zimechanua.

Tuonane mwezi ujao.