UPEPO HAUPIMWI KWA MACHO

Kijana wa Dranya anayetaka kuanzisha kampuni ya umeme wa upepo anastahili pongezi zetu. West Nile iliishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa, ikitegemea jenereta na, tangu mwaka 2012, mtambo wa maji wa Nyagak wenye megawati 3.5. Lakini benki haikopeshi matumaini; hudai mpango ulioandikwa.

Mpango huo hauna budi kuanza na upelelezi, kama afanyavyo kamanda kabla ya kutoa amri. Upepo upimwe kwa mnara mahali penyewe, walau mwaka mzima, kiangazi na majira ya mvua. Mwendo wake ukipungua kwa nusu, nguvu yake hubaki sehemu moja tu katika nane. Akoseaye hapo amekosea hesabu zote za mapato.

Pili, njia ya kumfikishia mnunuzi umeme. Kule Loiyangalani, Kenya, mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310 ilikamilika mwaka 2017, ikangoja nyaya hadi mwaka 2018.

Tatu, ardhi. Mradi wa Kinangop wa megawati 60 ulivunjika mwaka 2016 kwa upinzani wa wenyeji waliohofia mashamba yao. Wazee wa koo na washauriwe kabla ya wahandisi.

Twawahimiza viongozi wa Koboko wawasaidie vijana kupata vipimo. Na vipimo vikionyesha kuwa upepo hautoshi, mpango utakuwa umeokoa fedha za wananchi, na jua bado lipo.