Sura za Watu Si Nyara: Ujumbe kwa Wenzangu Tunaorudi Likizo na Kamera



Naandika kutoka Minto, kusini-magharibi mwa Sydney. Hoja yangu ni moja na nitaisema bila kuzunguka. Hii tabia yetu ya kwenda nyumbani likizo, kukodi gari mpaka kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, kwa Wamasai wa Ngorongoro au kwa Wasamburu na Waturkana, tukawapiga picha za uso watu ambao hata majina yao hatukuyauliza, kisha tukaja kuzitundika sebuleni Australia, Uingereza na Marekani, ni tabia mbaya na inafaa ikome. Sisemi kamera zivunjwe. Nasema tujifunze kubisha hodi.

Najua baadhi yenu mshaanza kuguna. Mtasema hayo ni makosa ya wazungu, sisi tunapiga picha za ndugu zetu. Hapo ndipo penye tatizo. Miaka nenda miaka rudi tumewasema wazungu kwamba wanakuja Afrika kupiga picha masikini na simba kwa kamera ileile. Leo tiketi tunanunua wenyewe kwa pesa za kubeba maboksi, simu zetu zina lenzi tatu, na tunafanya yaleyale, pengine kwa ujeuri zaidi, kwa sababu tunadhani pasipoti ya kuzaliwa inatosha kuwa ruhusa. Nyani haoni kundule.

Tuanze na hapa tunapoishi. Shule za serikali za New South Wales huwaletea wazazi fomu ya kuomba ruhusa ya kuchapisha picha ya mtoto. Ukikataa, shule haina ruhusa ya kuitoa picha ya mwanao, hata kama ameshinda mbio zote za siku ya michezo. Fomu ile tunaisoma kwa makini, na wengi wetu tunasema hapana: hatutaki sura ya mtoto wetu izagae. Sasa mzazi huyohuyo akifika Mang'ola mwezi wa Disemba, anamsogelea mtoto wa watu mwenye vumbi usoni, anapiga picha kumi, na kabla gari halijarudi Karatu picha iko mtandaoni na maneno: "Maisha ni haya haya." Je, mama wa mtoto yule alijaza fomu gani? Au mtoto wa Yaeda si mtoto?

Waangalieni pia wenyeji wa nchi hii tuliyohamia. Televisheni ya Australia, kabla ya kipindi kinachowahusu, huwaonya Waaborijini na watu wa Visiwa vya Torres Strait kwamba ndani yake mna picha au sauti za waliofariki. Ukienda Uluru, unaambiwa ni sehemu zipi za jabali lile hazipigwi picha, na anayepiga kwa biashara lazima awe na kibali. Heshima hiyo haikudondoka kutoka mbinguni. Ilidaiwa, tena baada ya machungu. Mwaka 1978 jarida la Stern la Ujerumani lilichapisha picha za ibada za siri za Waaborijini wa Australia ya kati, alizozipiga mtafiti T.G.H. Strehlow, mtu ambaye wazee walimwamini wakamruhusu kuona. Picha zikauzwa tena kwa jarida la hapahapa Australia. Wazee walikuwa wamempa amana, na amana ikaishia kwenye meza za vinyozi.

Sisi tukifika Uluru tunatii kila bango. Tukifika kwetu, mabango yote yanafutika kichwani. Kwa nini? Kwa sababu hapa tunaogopa faini na kule hakuna wa kutushika.

Tena sisi wa magharibi ya Sydney tulitakiwa tuwe wa kwanza kuelewa. Minto ilijengwa kuwa mtaa wa nyumba za serikali miaka ya 1970, na mwaka 2002 serikali ilipotangaza kuubomoa na kuujenga upya, wakazi waliondolewa majirani wakatawanyika. Mwaka 2015 televisheni ya SBS ikaonyesha kipindi cha Struggle Street kuhusu masikini wa Mount Druitt. Watu wa kule walikasirika. Walisema waliambiwa jambo moja wakaonyeshwa lingine. Meya wa Blacktown, Stephen Bali, alipeleka malori ya taka mpaka mbele ya ofisi za SBS kule Artarmon. Hivyo ndivyo anavyofanya mtu mwenye meya. Mhadzabe aliyepigwa picha akitafuna asali ana malori ya nani?

Sasa wapo watakaosema kuomba ruhusa ya picha ni ustaarabu wa kigeni, Mwafrika hana habari nao. Huo ni uongo mtupu, na historia yetu inausuta. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Zanzibar. Lamu kulikuwa na studio ya Bakor. Mombasa, Dar es Salaam, Kisumu na Kampala kulikuwa na studio mitaani. Mtu aliingia kwa miguu yake. Alichagua kanzu au suti, alichagua kusimama au kukaa, alichagua pazia la nyuma lenye bahari au ndege. Alilipa. Baada ya siku kadhaa alirudi kuchukua picha yake iliyosafishwa, akampelekea mchumba au mama yake kijijini. Mwenye uso ndiye alikuwa mteja, na mwenye kamera alikuwa fundi wake. Huo ndio utamaduni wetu wa picha.

Pembeni yake ulikuwepo utamaduni mwingine, wa kadi za posta. Tangu enzi za ukoloni mastudio ya Zanzibar, ya A.C. Gomes na ya Coutinho Brothers, yaliuza kadi kwa wasafiri wa meli. Katika biashara ile, huku Afrika Mashariki na kwingineko, mtu hakuwa na jina. Chini yake waliandika "mwanamke wa Kiswahili" au "aina za wenyeji", kama anavyoandikwa kipepeo kwenye makumbusho. Bibi zetu wapo kwenye kadi hizo, zinanunuliwa leo kwenye minada, na hakuna anayejua ni bibi wa nani. Swali langu kwenu: picha yako uliyoitundika sebuleni, chini yake umeandika nini? Kama umeandika "Mzee wa Kimasai", wewe umerithi kadi ya posta, hukurithi studio.

Halafu kuna jambo zito zaidi, na hili ndilo lililonifanya nikae chini niandike. Mwaka 2013 Mwingereza Jimmy Nelson alitoa kitabu cha picha kiitwacho Before They Pass Away, yaani kabla hawajapita, na Wamasai wamo. Picha zake zinavutia, na toleo lake kubwa liliuzwa kwa maelfu ya euro. Lakini tafakarini lile jina. Hawajapita! Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu Wamasai 1,189,522, bila kuwagusa wa Tanzania. Watu hao hawapiti kama mvua za vuli. Pale wanapopungua kwenye ardhi yao, kuna mtu amewaondoa, na mtu huyo ana jina na ofisi. Shirika la Survival lilikipinga kitabu hicho mwaka 2014 kwa sababu kama hiyo: kinawapamba watu na kunyamazia wanaowaumiza.

Nyumbani tunafanya hivyohivyo. Sura ya Mmasai ipo kwenye vipeperushi vya utalii, kwenye kalenda, kwenye kuta za hoteli na viwanja vya ndege. Hiyo sura haina tatizo na mtu. Mwenye sura ndiye mwenye tatizo. Mwezi Juni 2022 vyombo vya dola viliingia Loliondo kuweka mipaka ya kilomita za mraba 1,500, risasi zikapigwa, wananchi wakajeruhiwa, wengine wakakimbilia Kenya kutafuta matibabu. Ngorongoro nako watu wakaanza kuhamishiwa Msomera, Handeni. Hamkuona kichekesho hapo? Sura yake inakaribisha wageni, yeye mwenyewe anaonyeshwa mlango.

Wahadzabe hali kadhalika. Ni watu wasiozidi elfu moja na mia kadhaa. Mwaka 2007 sehemu ya Bonde la Yaeda, wanakowinda na kuchimba mizizi, ilikuwa inakabidhiwa kampuni ya uwindaji yenye uhusiano na ukoo wa kifalme wa Falme za Kiarabu. Kelele zikapigwa, kampuni ikajitoa mwaka huohuo. Mwaka 2011 baadhi yao wakapata hati za kimila za ardhi yao. Je, walizipata kwa sababu ya picha zetu nzuri za wazee wenye upinde? Hapana. Walizipata kwa vikao, kwa ramani na kwa kazi ya miaka ya watu kama Ujamaa Community Resource Team wa Arusha. Sisi tulikuwa na albamu, hatukuwa na msaada.

Nijibu hoja za upande wa pili, maana mnyonge mnyongeni haki yake mpeni.

Wa kwanza atasema: "Lakini wanalipwa." Kweli, mara nyingi kuna malipo. Ila ulipompa dreva pesa, uliuliza ngapi zimefika bomani? Uliuliza zinagawanywaje? Na hata zikifika zote, kulipia kiingilio cha boma si kununua uso wa mtu kwa matangazo ya biashara yako.

Wa pili atasema: "Bila picha, dunia isingejua shida zao." Hii ni hoja nzuri na naikubali nusu. Mwaka 2022 habari za Loliondo zilitufikia kwa sababu ya picha. Lakini nyingi zilitoka kwenye simu za wananchi wa kule wenyewe, ambao walikuwa wanataka dunia ione, na wakasema ione nini. Hiyo ni picha yenye mwenyewe. Haifanani na ya kwako ya machweo, mzee akiwa ametazama mbali na wewe hujui hata ng'ombe wake wamekwenda wapi.

Wa tatu atasema: "Hakuna anayedhurika na picha." Muulizeni Sharbat Gula. Steve McCurry alimpiga picha mwaka 1984 akiwa mtoto mkimbizi Pakistan, na mwaka 1985 uso wake ukawa jalada la National Geographic. Dunia nzima iliyajua macho yake, na mpaka mwaka 2002 haikujua jina lake. Mwaka 2016 alikamatwa Pakistan kwa kesi ya kitambulisho, akarudishwa Afghanistan. Mwaka 2021 Italia ndiyo iliyompokea baada ya Taliban kurudi. Umaarufu wa uso ulizunguka dunia miaka 17, na mwenye uso hakuwa na habari.

Na sheria je? Zipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Septemba 2023 Kamishna wa Data wa Kenya alitangaza faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kilabu cha Nairobi kilichotangaza picha ya mteja bila ridhaa, na shilingi milioni 4.55 kwa shule iliyochapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Safi sana. Ila mlalamikaji wa Nairobi ana intaneti na nauli ya kufika ofisini. Bibi wa Yaeda hatajua kama picha yake imetundikwa Minto. Kwa hiyo pale sheria isipofika, inabaki dhamiri.

Mwindaji akitaka kupiga nyati Tanzania anakata leseni, na nyara akiisafirisha anaonyesha vibali. Uso wa binadamu tunaubeba bure. Jamani!

Napendekeza mambo manne, hayahitaji pesa nyingi:

1. Kaa kwanza. Salimia, jitambulishe, uliza jina, taja la kwako. Usipokuwa na muda wa salamu, huna muda wa picha.

2. Eleza picha inakwenda wapi. Ukutani ni jambo moja, mtandaoni ni lingine, kuuza ni la tatu. Akisema hapana, funga kamera bila kununa na bila kuongeza noti.

3. Mtoto hapigwi bila mzazi wake kukubali, na hapigwi picha ya kuombea michango. Fuata fomu ileile unayoidai kwa mwanao.

4. Rudisha picha. Safisha nakala, mpe mtu wa kuaminika aipeleke. Kama ulikuwa na njia ya kuichukua, tafuta njia ya kuirudisha.

Na la mwisho kwa vyama vyetu vya Watanzania, Wakenya na Waganda hapa Australia. Kwenye sherehe zetu za Uhuru, kabla ya kuonyesha picha za Wamasai ukutani muziki ukilia, mtu asimame aseme majina ya waliomo na habari za ardhi yao. Asiyeyajua, aishushe picha mpaka ayajue.

Naomba kutoa hoja.