eFootball ni bure, lakini timu yako sio yako

Julai 21, 2021 kampuni ya Konami ya Japani ilitangaza kwamba jina la PES linaondoka na nafasi yake inachukuliwa na eFootball. Katika tangazo zima, neno moja ndilo lililowagusa wengi: bure. Hakuna tena kununua toleo jipya kila mwaka. Unapakua, unacheza.

Kwa wapenzi wa gemu za mpira ilionekana kama zawadi. Ila ukifuatilia kilichotokea tangu siku hiyo, utagundua kwamba gharama haikufutwa, ilihamishiwa sehemu nyingine. Na swali zito zaidi ya bei ni hili: ukishalipa, unabaki na nini?

Enzi za CD na memori kadi

Jina la Pro Evolution Soccer lilianza kutumika mwaka 2001, ingawa wengi mtaani waliendelea kuiita Winning Eleven, jina lake la Japani. Ilikuwa gemu ya ajabu kidogo. Konami haikuwa na haki za kutumia majina ya klabu nyingi, kwa hiyo Manchester United iliitwa Man Red na Liverpool ikawa Merseyside Red. Nani alijali? Mpira wenyewe ulikuwa mtamu. Aliyewahi kupigwa shuti la Adriano kwenye PES 6 hahitaji kuelezwa.

Huku kwetu gemu hiyo iliishi kwenye vibanda. Mwenye kibanda alikuwa na PS2, TV, pedi mbili na CD kadhaa. CD moja ingeweza kuchezwa na mtaa mzima kwa miaka. Hakukuwa na bando wala akaunti. Ligi yako ilikaa kwenye memori kadi, unaiweka mfukoni unaenda nayo nyumbani.

Tuseme ukweli pia: CD nyingi kati ya hizo zilikuwa za kunakiliwa. Konami haikuona hata senti. Mchezaji wa kibandani, awe Manzese au Kawangware, hakuwepo kabisa kwenye hesabu zake. Kumbuka jambo hili, maana ndipo mabadiliko yanapoanza kueleweka.

Kwa nini Konami iligeuka

Sababu ya kwanza ni ushindani. Mpinzani wake, EA ya Marekani, aliyekuwa akitengeneza gemu za FIFA tangu 1993, alikuwa na haki nyingi zaidi za ligi na klabu. Mwaka 2018 hata Ligi ya Mabingwa Ulaya ilihama kutoka PES kwenda kwa EA. Kuuza gemu ya bei kubwa kila mwaka bila majina hayo kulizidi kuwa kazi ngumu. PES 2021 yenyewe haikuwa gemu mpya. Ilikuwa ya mwaka uliotangulia, ikafanyiwa marekebisho na kuuzwa karibu dola 30.

Sababu ya pili iko mkononi mwako: simu. Wakati huo gemu za simu za PES zilikuwa zimeshapakuliwa mara mamia ya mamilioni. Mtu asiye na uwezo wa kununua PlayStation anaweza kuwa na simu janja. Akiingia bure, anakuwa mteja anayehesabika, na huenda siku moja akanunua kitu ndani ya gemu.

Mwanzo wa aibu

Septemba 30, 2021 eFootball 2022 ikaingia kwenye PlayStation, Xbox na kompyuta. Ilikuja na timu tisa tu. Nyuso za wachezaji zilikuwa za kutisha, picha zake zikageuka vichekesho mitandaoni. Kwenye duka la Steam, maoni ya kuisifu hayakufika 10 katika kila 100, na kwa wakati huo ikawa ndiyo gemu yenye alama mbaya kuliko zote dukani humo. Master League, ile ligi ya kujenga timu iliyowalaza watu usiku wa manane, haikuwemo.

Siku moja baadaye Konami iliomba radhi. Waliokuwa wamelipia mapema kifurushi cha wachezaji walirudishiwa fedha zao, na toleo kamili likasogezwa hadi Aprili 2022. Kama gemu ingekuwa ya kununua dukani, pengine ingekufa palepale. Kwa kuwa ilikuwa bure, watu waliondoka na kurudi bila kupoteza kitu, ikapata muda wa kujirekebisha. Hiyo ni faida ya kweli ya mfumo huu, na tusiifiche.

Bili mpya ikoje?

Kwanza, bando. eFootball inahitaji intaneti ili uingie. Inachukua gigabaiti kadhaa kwenye simu, halafu kila sasisho linadai nyingine. Kwa mtu anayenunua bando la siku, huo ni mzigo usioandikwa popote kwenye neno “bure”.

Pili, sarafu. Kuna wachezaji maalumu wanaotolewa kwa bahati nasibu: unalipa sarafu, unazungusha, unaomba Mungu. Chukua mfumo ambao umetumika mara nyingi: sanduku lina kadi 150, na kadi 3 tu ndizo za mastaa unaowataka. Ukizungusha mara moja, nafasi yako ni 2 katika 100. Ukizungusha mara kumi, nafasi ya kupata hata mmoja kati ya watatu ni kama 19 katika 100. Na kama unamtaka mmoja tu maalumu, ni 1 katika 15. Kwa lugha nyepesi, watu wengi wanaozungusha mara kumi hutoka mikono mitupu.

Nchi nyingine zililiona hili mapema. Mwaka 2018 mamlaka za Ubelgiji ziliamua kwamba masanduku ya bahati ya aina hii ni kamari, na Januari 2019 EA ikaacha kuuza huko pointi za FIFA. Kwetu mjadala bado ni mdogo, ilhali kununua kumekuwa rahisi mno. Nchini Kenya, kwa mfano, Google Play inapokea malipo ya M-Pesa. Mtoto aliyeshika simu ya mama yake yuko hatua chache tu kutoka kwenye salio.

Somo la Juni 2, 2022

Siku hiyo PES 2021 ya simu ilisasishwa ikawa eFootball 2022. Haikuja kama programu mpya unayoweza kuipuuza. Ilikuja juu ya ile ile ya zamani. Sarafu zilihamishwa, lakini wachezaji ambao watu waliwakusanya na kuwakuza kwa miaka hawakuhama nazo. Na huwezi kurudi nyuma, kwa sababu PES yenyewe haipo tena.

Linganisha na yule mwenye kibanda. PS2 yake ikiwa nzima, CD yake ya mwaka 2006 inacheza hadi leo. Hakuna mtu Tokyo anayeweza kuizima.

Waliofaidika ni nani?

Konami, bila shaka. Lakini pia vijana ambao hawakuwahi kumiliki pedi. Desemba 2024 Kombe la Dunia la FIFAe lilichezwa kwa eFootball mjini Riyadh. Ndiyo, FIFA, baada ya kuachana na EA, leo inashirikiana na warithi wa PES. Indonesia ikachukua ubingwa upande wa konsoli, na bingwa wa upande wa simu akatoka Malaysia. Katika enzi za CD, kufika jukwaa kama hilo kwa kutumia simu ya mfukoni kusingewezekana.

Kwa hiyo kusema mambo yote yameharibika ni uongo. Mlango umefunguliwa kwa wengi zaidi. Tatizo ni kwamba ndani ya mlango huo unakaa kama mpangaji, na mwenye nyumba anaweza kubadilisha kufuli siku yoyote.

Ufanye nini?

Kama unacheza, unganisha akaunti yako na Konami ID, ili simu ikiibiwa au kuharibika usianze upya. Weka nywila kwa kila manunuzi kwenye duka la programu, hasa kama watoto wanatumia simu hiyo. Kabla ya kuzungusha, fungua maelezo ya sanduku usome nafasi zako.

Na hesabu fedha ya sarafu kama fedha ya kiingilio uwanjani: umelipa, umefurahi, imeisha. Ukiihesabu kama mali, jiulize kwanza utabaki na nini siku seva zikizimwa. Waliokuwa na timu kwenye PES ya simu walishapata jibu lao.