Tambueni kwanza, ndipo msage

Naomba kutoa onyo moja: jiliwa la zamani lisiguswe na mashine ya kusaga kabla halijatambuliwa. Huku Nyangwe na Kasongo, ambako zana nzito zilikuja kwa reli ya Kindu–Kongolo, jina la kiwanda mara nyingi limefunikwa na rangi na kutu. Lisugue taratibu kwa brashi ya waya na mazutu. Huenda ukaona simba wa Peugeot, au jina Record la Sheffield. Kisha ligonge kwa nyundo ndogo: chuma kilichofuliwa hulia kama kengele, kile cha kalibu hutoa sauti butu. Hapo ndipo tiba inapoamuliwa. Ufa wa chuma cha kalibu ukichomelewa kwa vijiti vya kawaida bila kupashwa moto kwanza, hupasuka tena pembeni. Parafujo nayo isipakwe mawese, maana huganda na asidi yake hula chuma, tumieni grisi. Vijana wetu wa gereji wanazihitaji zana hizi. Tusiziuze kwa kilo kama vyuma chakavu.