Picha Ndogo Nayo Ni Zana ya Kufundishia

Tumezoea kuisifu zana ya kufundishia kwa ukubwa wake: chati sharti ionekane hadi dawati la nyuma. Kanuni hiyo ni njema, lakini imewafanya walimu wengi waamini kuwa picha ndogo haina kazi darasani. Siafiki.

Tuchukue picha ya watu wawili wanaopigana kwa upanga, kazi ya Jacques Callot, mzaliwa wa Nancy (1592–1635). Imo katika mfululizo wa vijipicha hamsini hivi alioutoa Florence, Italia, mnamo 1617. Kila kimoja kina upana wa sentimeta 8 hivi na kimo cha 6, karibu sawa na kitambulisho cha taifa. Bamba la shaba hupakwa nta au vanishi, msanii huchora juu yake kwa sindano, kisha tindikali huila mistari iliyo wazi. Mistari hiyo hushika wino, na karatasi hugandamizwa juu yake.

Mwenzangu mmoja aliniuliza: mtoto wa Ndalambo ana haja gani na ugomvi wa Wazungu wa karne ya 17? Hana haja na ugomvi wao. Ana haja ya kuzoea kusema lile aliloliona na kulitolea ushahidi.

Mwalimu atoe nakala sita, moja kwa kila kikundi, naye anyamaze. Baada ya dakika tano aulize: Nani anaelekea kushinda? Umejuaje? Nani ameshika upanga kwa mkono upi? Hapo ndipo somo linapoanza, kwani picha ya kuchapwa hugeuka: kulia huwa kushoto. Wasiambiwe jambo hilo. Wachonge herufi F kwenye kipande cha kiazi, wakipake wino, wakigandamize kwenye karatasi, walione wenyewe. Kisha waulizwe msanii alipaswa kuchoraje ili wapiganaji wake wasionekane wenye shoto.

Katika mazoezi ya kufundisha nimeona mara nyingi mwanachuo akiinua picha na papo hapo kuieleza yote. Wanafunzi huitikia "Ndiyo, mwalimu" kabla macho yao hayajafika. Huko si kufundisha kwa picha. Ni hotuba iliyopambwa. Picha ndogo humlazimisha mtoto ainame, atazame, abishane na mwenzake. Tusimnyang'anye kazi hiyo.